Hii ni baridi yabisi, si gauti: turudishieni mbaazi zetu

Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Mie ni mama wa hapa Majengo, nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na gazeti lenu nalisoma kila siku hata kama silinunui, manake jirani wa dukani akishamaliza nalo hunipa nifungie watu mahamri, na mie sifungi kitu kabla sijalisoma lote mpaka matangazo ya minada. Bas juzi nikakutana na ule ukurasa wenu wa afya, ule wa vyakula ambavyo mgonjwa wa baridi yabisi ati asiviguse maishani, nikaona mmepanga nyama, maharagwe, mbaazi, dengu, mchicha, nyanya, bilinganya, ndimu, maziwa na dagaa, halafu chini mkamalizia ati mtu akishika hayo na akanywa tangawizi na manjano kila asubuhi dawa za hospitali hatazihitaji tena. Ule ukurasa sikuufungia mtu mahamri, niliuweka pembeni nipate kuwaandikia.

Huo ugonjwa mie ninao, na si wa kuhisi hisi tu, nilipimwa damu na kupigwa picha za mikono. Mikono yote miwili, vifundo na viungo vya vidole, halafu nyayo. Nikiamka alfajiri vidole havikunji, inachukua saa nzima na zaidi ndo vinaanza kulegea, na mwenye kuuza mahamri alfajiri ndo saa yake ya kazi, kwa hivo mnaelewa naongea nini. Daktari alinieleza hivi: kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, imekosa adabu inaupiga utando laini ulio ndani ya viungo, utando unavimba, unajaa maji, na ukiachwa hivo hivo unakula gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe mpaka kidole kinapinda na hakirudi tena. Si baridi inayouleta, wala si kuoga maji ya kisima alfajiri, wala si kukuna nazi tangu utotoni kama anavosema shangazi yangu. Kipupwe kikija viungo vinaweza kulalamika zaidi, hilo sikatai, lakini kulalamika si kuanza. Na wanawake tunaupata mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume, wengi wakianza kati ya miaka 30 na 60, ingawa kliniki nakutana na wasichana ambao hata ndoa hawajaingia.

Sasa hiyo orodha yenu naijua ilikotoka. Ni orodha ya gauti, ile wazee wanayoiita jongo, mtu ameichukua ameitia chumvi na akaibandika jina la ugonjwa wetu. Gauti ni mambo mengine kabisa. Kule damu inazidi asidi ya yuriki, ile asidi inaganda vichembe vikali ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, mtu analala mzima usiku wa manane anaruka hata shuka halitaki limguse. Huyo ndo wa kuambiwa apunguze maini, figo, nyama nyekundu, bia na masoda. Kuna daktari Mwingereza, Alfred Baring Garrod, alionyesha tangu 1848 kwamba damu ya wenye gauti ina asidi hiyo nyingi, na 1859 akaupa huu wetu jina tofauti ili watu waache kuvichanganya. Yaani vilishatenganishwa kabla reli haijaanza kujengwa hapa Mombasa 1896, na leo tuna simu mkononi bado tunachanganya.

Na hata huyo wa gauti mwenyewe mbaazi mnamwonea tu. Marekani walifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, matokeo yakatoka 2004, wakaona wanaokula sana nyama na vitu vya baharini ndo wanaopata gauti zaidi, lakini maharagwe na mboga, hata zile zenye purini nyingi, yaani kile kitu mwili unachokigeuza kuwa asidi ya yuriki, hazikuonyesha kuongeza chochote. Kwa hivo hilo la kunde na dengu halisimami upande wowote. Nyanya na bilinganya vile vile, watu wameshasema mpaka wamechoka kuwa zinavimbisha viungo lakini hakuna utafiti wa kushika mkononi. Kama kuna mtu anaona akila nyanya anaumwa, aziache wiki mbili tatu, azirudishe, ajionee mwenyewe, lakini hiyo itakuwa yake na tumbo lake, asiupigie mtaa mzima marufuku.

Mtaniuliza ubaya uko wapi, si vyakula tu. Ubaya uko hapa: mama wa huku kwetu ukimwondolea nyama, maharagwe, mbaazi, dengu, dagaa, maziwa na mchicha, umembakishia nini? Chai ya rangi na boflo. Jioni ugali na sukuma kidogo kama sukuma haikuingia kwenye orodha ya mtu mwengine. Na huu ugonjwa wenyewe, wacha chakula, unakula misuli na unapunguza damu, wengi wetu tuna upungufu wa damu unaotokana na huo huo uvimbe, sasa ukimkatia na proteini unausaidia ugonjwa. Nina jirani yangu ambaye aliacha vyote hivo kwa ujumbe wa WhatsApp, akapungua, watu wakamsifu harusini ati shoga umependeza, kumbe ni misuli ndo iliyokwenda, ikafika hawezi kuinuka mkekani baada ya swala bila kushikwa. Yeye alikuwa hataki kunisikia mie, alimsikia daktari, na hata daktari ilibidi aseme mara kadhaa.

(Halafu kwa kuwa nimetaja chai: chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Wateja wangu siwaambii, biashara ni biashara, lakini nyumbani kwangu chai inakaa mbali na sahani ya mchicha, inasubiri kama saa moja.)

Lakini kuna jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike simu nianze kuandika, na hao wataalamu wa kwenye TikTok siwaoni wakiligusa hata siku moja. Wanasema kula samaki, kula mboga za majani, kula matunda, pika nyumbani usile vya kununua. Sawa. Nani anapika? Mgonjwa mwenyewe ndo mpishi wa nyumba. Samaki atolewe magamba na matumbo, mchicha uchambuliwe, nazi ikunwe na ikamuliwe, muhogo umenywe, kitunguu thomu kimenywe punje moja moja, sufuria la mbaazi liinuliwe jikoni likiwa limejaa. Hizo zote ni kazi za vidole na vifundo vya mikono, hapo hapo penye ugonjwa. Siku ambayo viungo vimewaka, mama anajua kabisa kwamba samaki ni bora kuliko boflo, hakuna haja ya kufundishwa, ila boflo halina magamba. Mie naamini wengi wetu tunakula vibaya kwa sababu ya mikono wala si kwa sababu ya ujinga, na mkitaka kuandika habari za lishe ya baridi yabisi muanzie hapo.

Wacha niseme vile wenyewe tunavojisaidia, labda kuna mwenzangu atapata kitu. Samaki namwachia muuzaji amtoe magamba na amkate pale pale, ukimzoea hakutozi au anataka hela kidogo tu. Nazi, sokoni wako wenye mashine ya kukunia, na kama huna karibu unakata vipande unatia kwenye blenda na maji ya vuguvugu, halafu usikamue kwa kupinda kitambaa, mwaga kwenye kichujio kikubwa ukandamize kwa mgongo wa upawa, tui linatoka vizuri tu. Mbuzi ya kukunia nazi mie nilishampa mwali mmoja wa hapa mtaani, manake kukaa chini vile na magoti yenyewe ndo haya, ni kujitafutia. Visu viwe vikali, watu wanaogopa kisu kikali lakini kisu butu ndo kinachokufanya ukandamize mpaka kifundo kipige kelele. Sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, na kuinua utumie viganja vyote viwili na nguvu ya mkono wa juu, si ncha za vidole. Mbaazi na maharagwe nachemsha nyingi siku ile nilo na nafuu, nagawa kwenye mikebe, naweka kwenye friji upande wa barafu, siku mbaya ikija ni kutoa na kutia kitunguu. Unga wa mahamri siku hizi anakanda mwanangu wa kiume, mwanzo alikuwa akiona haya anafunga mlango, sasa anajisifu kwa rafikize kuwa mahamri yanayoliwa Majengo ni mkono wake. Na nyie kina baba na watoto mlo na mgonjwa nyumbani, badala ya kumletea chupa ya manjano mumkamulie tui, ndo dawa hiyo.

Tuje kwa samaki wenyewe. Hapo kuna ushahidi, ila watu wanautilia chumvi. Mafuta ya samaki yana kitu kinaitwa omega-3, na majaribio mengi yameonyesha kwamba wenye baridi yabisi wakipewa kiasi kikubwa, kama gramu 3 kwa siku kwa miezi mitatu au zaidi, maumivu yanapungua kidogo, ule ugumu wa asubuhi unapungua, na vidonge vya kutuliza maumivu wanameza vichache. Kidogo, nimesema. Na gramu 3 kwa siku si mchezo, kuipata kwa samaki wa kula itabidi ule samaki wa mafuta kila siku ya Mungu, kwa hivo asije mtu akala vibua viwili Ijumaa akangoja muujiza Jumamosi. Lakini samaki tuwale tu, manake huu ugonjwa unapandisha hatari ya moyo, wenye baridi yabisi wana hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa kama mara moja na nusu ya wenzao, na samaki kwa moyo ni rafiki. Raha yetu sisi wa huku ni kuwa wenye mafuta mazuri ndo wa bei nafuu: vibua, samaki simu, dagaa. Changu na tafi ni watamu, mie mwenyewe tafi wa kuchoma siwezi kumpita, ila mafuta yao ni machache. Na dagaa mnaowakataza wanaliwa na mifupa yao, hiyo ni kalsiamu tupu, na mwenye kumeza prednisoloni, ile dawa kali ya kupunguza uvimbe, anaihitaji kwa sababu zile dawa zinakondesha mifupa. Anayefaa kuogopwa na mwenye prednisoloni ni ng'onda, yule papa wa chumvi, kwa sababu prednisoloni ukichanganya na chumvi nyingi presha inapanda na uso unavimba. Hilo mngeliandika ningewapigia makofi.

Mkitaka kujua wataalamu wenyewe wanasema nini, chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kwenye mwongozo wao wa 2022 kilipendekeza mtindo mmoja tu wa kula, ule wa watu wa bahari ya Mediterania, na hata huo walisema kwa upole, si kwa mkazo. Mitindo mengine yote ya kukatazana walishauri isifuatwe, vidonge vya virutubisho pia hawakuvipendekeza. Walichokisema kwa mkazo ni mazoezi, watu wafanye mazoezi kila wakati. Madaktari wa Ulaya nao walikaa wakaona hakuna chakula kimoja kinacholeta mabadiliko makubwa kwenye huu ugonjwa. Uswidi waliujaribu huo mtindo wa Mediterania kwa miezi mitatu, matokeo yakatoka 2003, na wagonjwa walipata nafuu ya kiasi. Sasa huo mtindo ukiutazama ni nini? Samaki, jamii ya kunde, mboga za majani, matunda, karanga, nafaka isiyokobolewa, mafuta ya zeituni, nyama kidogo. Toa zeituni, ambayo bei yake hapa ni ya matajiri wa Nyali, kilichobaki kiko kwenye masoko yetu ya Kongowea na Marikiti: kunde, mbaazi, pojo, mchicha, matembele, kisamvu, vibua, korosho za Kilifi, maembe boribo yakiwa msimu. Yaani vile vile mlivotukataza nyinyi. Mafuta ya kawaida ya alizeti yanatosha, ila yasiwe yale ya kukaanga yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi.

Nazi ndo watu huniuliza sana. Nazi si sumu, babu zetu wameila, lakini tui zito lina mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli, na mgonjwa ambaye moyo wake ushakuwa na wasiwasi asile wali wa nazi, mbaazi za nazi na mchicha wa nazi kwenye sahani moja siku zote saba. Mie kimoja kikiwa cha nazi, cha pili kinakuwa chukuchuku au cha kukaanga kwa mafuta kidogo. Na mahamri, haya niulizeni. Ni unga mweupe, sukari na mafuta. Siwezi kusimama hapa nikasema ni chakula cha mgonjwa, wala sitasema mtu asile hata moja manake watoto wangu wamesoma kwa mahamri. Kula moja na mbaazi bakuli zima, usile manne na chai. Uzito ukizidi magoti na nyayo zinabeba, na tena imeonekana kwamba wenye unene mkubwa dawa za huu ugonjwa haziwashiki vizuri kama wenzao.

Sigara sijaiona kwenye orodha yenu kabisa, na ndiyo ilifaa kuwa ya kwanza. Kwa yale mambo ya nje ya mwili yanayojulikana kuuchochea huu ugonjwa, sigara ndo kubwa kuliko yote, na mwenye nao akiendelea kuvuta dawa zinamfanyia kazi kwa shida. Shisha ilipigwa marufuku hapa Kenya 2017, tunajua wote inapovutwa, siongezi.

Ramadhani inakaribia kila mwaka na maswali yale yale. Watu wengi husema wakifunga wanahisi wepesi wa viungo, na si uongo wala si moyo tu. Norwei walifanya jaribio, likatangazwa 1991, wagonjwa 53 wakagawanywa makundi mawili, kundi moja likafungishwa siku 7 mpaka 10, hawakupewa chakula cha kawaida, halafu wakakaa mwaka mzima bila nyama wala samaki, na walipata nafuu kuliko wenzao waliokula kama kawaida. Lakini inajulikana pia kwamba mtu akishafungua tu na akarudi kwenye ulaji wake wa zamani maumivu yanarudi, na sisi tukifungua tunajua tunavofungua, kaimati, sambusa, tambi za sukari, viazi vya nazi na sharubati juu yake. Mwenye dawa azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, si tarehe kumi. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na brufeni visimezwe na tumbo tupu, vinatoboa utumbo na vinachosha figo, na kama maji hunywi mchana kutwa figo zinapata taabu zaidi. Prednisoloni mtu huwa anameza asubuhi baada ya kula, kwa hivo wengi huhamishia daku, lakini asiikate ghafla hata siku moja kwa ajili ya kufunga, mwili unaweza kuanguka. Na daktari akisema usifunge, Qurani yenyewe kwenye suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa alipe siku nyingine, sijui kwa nini tunajifanya tuna dini kuliko dini.

Tangawizi, manjano, thomu, habasoda. Hizi mie natumia, ziko jikoni kwangu, na sijasema ni mbaya. Manjano yana kitu kinaitwa kukumini, na majaribio madogo yameonyesha huenda kinapunguza uvimbe, lakini kwenye unga wa manjano ni kama asilimia 3 tu, na mwili unakipokea kwa tabu, kwa hivo kijiko kwenye mchuzi kinanoga mchuzi na bas. Anayekunywa dawa za kuyeyusha damu asianze vidonge vya manjano bila kumwambia daktari. Ninachokiogopa mie ni zile dawa za chupa na vidonge visivyo na jina ambavyo ukimeza usiku asubuhi unacheza chakacha. Marekani 2022 walitoa tahadhari kuhusu dawa moja ya viungo iliyouzwa kama mitishamba, walipoipima wakakuta ndani mna deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Deksamethasoni ni stiroidi, jamii moja na prednisoloni. Mtu anameza miezi bila kujua, uso unakuwa duara, sukari inapanda, mifupa inalika, na akiacha ghafla anaanguka. Kwa hivo ukiona mtishamba umefanya kazi haraka kupita dawa ya kemisti, uogope badala ya kushangilia.

Na sasa lile lililoniudhi kuliko yote, hilo la kuacha dawa. Dawa yangu kubwa ni methotreksati, kliniki tunaiita metho, Marekani waliipitisha kwa huu ugonjwa tangu 1988 na mpaka leo ndo ya kwanza kuandikiwa wengi wetu, na si ya bei ya kutisha. Kazi yake si kutuliza maumivu, kazi yake ni kuizuia ile kinga isile viungo. Viungo vinaharibika mapema sana, mwaka wa kwanza na wa pili, na kikishaharibika hakuna samaki wala tangawizi itakayokirudisha. Mtu aliyesoma ukurasa wenu akaacha dawa miezi sita ajaribu manjano, hiyo miezi sita hailipwi na mtu. Metho inakula foleti ya mwili, vitamini moja hiyo, ndo maana tunapewa na vidonge vya foliki, na foleti kwenye chakula iko wapi? Kwenye mchicha, maharagwe, dengu na mbaazi, karibu nusu ya orodha yenu. Sisemi mtu akila mbaazi aache kidonge cha foliki, nasema mmemkataza mgonjwa kitu anachokihitaji.

Metho inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Chagueni siku moja, mie ni Ijumaa, iandikeni kwenye pakiti kwa kalamu, na msomee mtoto au jirani anayewasaidia kumeza, kwa sababu mtu akiimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa ya presha inaweza kumuua, na hilo limetokea nchi nyingi. Pombe isiguswe bila kumuuliza daktari kwa ajili ya ini. Mwanamke anayetaka kushika mimba aseme mapema kabla, si baada, manake dawa hii inadhuru mtoto tumboni. Na damu ipimwe kila daktari akisema, hata kama foleni ni ndefu na matatu zimejaa.

Kingine kidogo, wenzangu wa buibui: sisi tunajifunika na jua letu la Mombasa lote lile haliingii mwilini, kwa hivo vitamini D kwa wengi wetu iko chini, na mwenye prednisoloni na mifupa yake inayohitaji kulindwa aulize akapimwe au apewe. Asubuhi unaweza ukakaa uani kwako mikono na miguu wazi, hakuna anayekuona ila kuku.

Mhariri, ombi langu ni fupi. Mtafuteni mtaalamu wa lishe wa hospitali, wako hapa hapa mjini, akae na mgonjwa wa baridi yabisi na mgonjwa wa gauti mbali mbali, muandike kurasa mbili na si moja, na mtaje bei za Kongowea badala ya kutuandikia brokoli. Na mkiona barua hii imezidi urefu katani mnachotaka, mahamri yangu, shangazi yangu, hata Garrod, ila hapo penye metho mara moja kwa wiki msipaguse.

Muuza mahamri,
Majengo, Mombasa